Ombi la Kubadilishana Chumba na Kobe

Chumba Namba Tatu,
Uani, upande wa bomba.
Jumamosi.

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba,
Ghorofani.

Shikamoo, Baba Mwenye Nyumba.

YAHUSU: UNYEVU KUKAA MAHALI PASIPO PAKE

Natumaini harusi ya mtoto wa ndugu yako imepita vizuri na umerudi ukiwa mzima. Barua hii nitaiacha juu ya meza iliyo chumbani kwa Balozi, kwa sababu najua ukifika utaanzia kwake, kabla hata ya kupanda kwako kuweka begi.

Mimi ni binti wa fundi cherehani wa chumba namba tatu. Ndimi uliyenichagua miezi mitano iliyopita nimtunze kobe wako, Balozi, kwa kuwa ulisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wanao wote. Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua sare, naingia chumba namba moja, namlowesha Balozi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na tano, napulizia udongo wake kwa ile chupa, halafu naandika kwenye daftari jinsi alivyoshinda. Sijakosa hata siku moja, ukiacha ile ya mtihani wa hesabu, na siku hiyo Mama alinishikia zamu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba malalamiko mazuri hupangwa kwa namba, huandikwa bila hasira, na kila jambo huwa na uthibitisho wake. Hasira sina. Namba hizi hapa.

1. Kuhusu kipimo.

Daktari wa mifugo alitueleza, mimi na wewe tukiwa tumesimama mlangoni, kwamba kobe wa aina ya Balozi anataka unyevu wa asilimia sabini hivi. Alisema hewa kavu inamkausha njia za pua mpaka anapumua kwa mluzi. Ndiyo maana ulinunua kile kipimo cha duara chenye mshale ukakitundika juu ya trei yake. Nimekisoma kila siku. Jua linaingia chumbani kwake tangu asubuhi, na mshale haujawahi kupita arobaini na mbili, hata mashine ya mvuke ikiwa inachemka. Umeme ukikatika unashuka mpaka thelathini.

Wiki tatu zilizopita nilifanya kosa. Nilikichukua kipimo pamoja na daftari nikakitia kwenye mkoba wa shule bila kujua. Nilipokigundua nilikuwa nimeshafika kwetu, nikakiweka kitandani kwa Bibi wakati nikifunga tena kamba za viatu ili nikirudishe. Nilipokitazama kilisoma tisini na moja.

Nilidhani kimeharibika, nikakitikisa. Kikasoma tisini na mbili.

2. Kuhusu mahali unyevu wetu unapotoka.

Bomba la bafu lako linapita ndani ya ukuta wetu, na mahali fulani nyuma ya kabati la vyombo limepasuka. Kila unapooga ukuta unatoa jasho, na baada ya nusu saa tone la kwanza linaangukia ndoo. Bibi, ambaye yuko kitandani mchana kutwa, ameshaijua ratiba yako. Alhamisi alimwambia Mama kwamba leo Baba Mwenye Nyumba ameoga mara mbili, bila shaka ana safari. Na kweli kesho yake ukasafiri.

Jambo hili limenisumbua rohoni. Wewe unahangaika na mashine kumtengenezea Balozi unyevu, kumbe unyevu wako mwenyewe, uliotoka bafuni kwako, umejaa kwetu. Yaani sisi watu watatu tumekalia unyevu wa Balozi. Hatukuuomba, hilo ni kweli, lakini mtu akikutwa na mali ya mwenzake hawezi kujitetea kwamba hakuiomba. Tangu nilipofahamu hivyo, nikimlowesha Balozi sithubutu kumtazama usoni.

3. Kuhusu ukuta.

Ukuta wa upande wa bomba umeota kuvu nyeusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kidevu changu. Mwaka jana ilikuwa usawa wa kwapa, na mimi pia nimerefuka, kwa hiyo huenda imepanda kuliko inavyoonekana. Umetuletea fundi wa rangi mara tatu na tunashukuru. Mara ya tatu Mama alimwonyesha tone linavyochungulia, akamsihi alitazame na bomba. Fundi aliendelea kukoroga rangi yake. Akasema, “Mama, mimi nimeagizwa kupaka, sikuagizwa kuona.”

Rangi ilikaa siku tisa. Sasa inabanduka kwa vipande vidogo vyeupe na kuangukia nguo za wateja, na Mama anazikung'uta kabla wenyewe hawajafika. Mteja mmoja alisema gauni lake limemetameta kuliko alivyoagiza. Mama alimwambia ni mtindo mpya.

4. Kuhusu kitanda.

Bibi anapumua kwa shida tangu mvua za mwaka jana. Analala akiwa ameegemea mito mitatu, karibu ya kukaa. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na akamwambia aondoke kwenye unyevu. Dawa tunayo. Kuondoka ndiko kumetushinda.

Mama alikuja kukueleza haya mara nne. Mara ya kwanza chumba namba moja kilikuwa wazi, msusi aliyekuwa anakaa humo amehama, na Mama aliomba tukichukue sisi kwa ajili ya kifua cha Bibi. Ulisema utafikiria. Wiki iliyofuata Balozi alihamia. Mara ya nne ulimsikiliza Mama vizuri zaidi, ukiwa umechuchumaa kwenye beseni unamsugua Balozi gamba kwa mswaki laini, ukashauri kitanda kisogezwe mbali na ukuta.

Tulikisogeza. Kumbe huko tulikokisogeza ndiko ndoo iliko. Tukakisogeza tena. Sasa kitanda cha Bibi kiko katikati ya chumba kama jukwaa, na mtu akitaka kijiko lazima amzunguke. Bibi anasema hajawahi kuzungukwa na watu namna hii tangu siku aliyoolewa.

5. Kuhusu kukohoa.

Nimesoma kwamba kobe hawezi kukohoa. Mbavu zake zimeshikamana na gamba, tena hana ule msuli wa chini ya mapafu tulio nao sisi, kwa hiyo kitu kikimkwama kifuani kinabaki humohumo. Ndiyo maana lazima aangaliwe kwa makini: kama ana mapovu puani, kama amenyoosha shingo, kama anapumua mdomo wazi, kama amekataa chakula. Wewe unamwangalia hivyo asubuhi na jioni, na kwa hilo nakusifu bila mzaha.

Bibi yeye anaweza kukohoa. Anaanza alfajiri, na fundi viatu wa chumba namba nne ameacha kutegesha saa ya kumwamsha. Watoto wa namba tano humwigiza wakicheza. Nadhani tatizo ndipo lilipo. Angeumwa kimyakimya kama Balozi, pengine angetazamwa. Nilimshauri ajaribu. Alijaribu kwa dakika mbili, akabadilika rangi, Mama akanigombeza.

6. Kuhusu daftari.

Hapa kosa ni langu na ninalikiri. Ili nisipendelee upande, nilianza kumwandika na Bibi kwenye daftari la Balozi, ukurasa wa kulia, nikitumia vichwa vilevile ulivyonichorea kwa rula. Jumatano ya wiki iliyopita niliandika hivi: Hamu ya kula, ndogo, ameacha nusu. Mapovu puani, hakuna. Shingo, ameinyoosha. Mdomo, wazi anapopumua, ila alikuwa pia anazungumza. Mluzi, upo, unasikika hadi mlangoni. Nikasahau kuandika jina juu ya ukurasa.

Wewe ukausoma ukiwa ghorofani. Ulishuka ngazi na kandambili moja. Ulikuwa unampigia simu daktari huku unakimbia, ukaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, ukaniuliza amekuwa hivi tangu lini. Nikajibu tangu mvua za mwaka jana. Ukajishika kichwa, ukauliza kwa nini hujaambiwa. Nikajibu kwamba Mama alikuambia mara nne. Hapo ndipo ulipotulia na kuuliza tunamzungumzia nani. Nikasema Bibi.

Uliegemea mlango wetu mpaka pumzi ikakurudia. Kisha ukasema, “Afadhali, mwanangu. Nilidhani ni Balozi.”

Mlango ulikuwa wazi na Bibi alisikia. Alicheka mpaka ikabidi Mama amkalishe wima. Alipoweza kusema, alisema Mwenye Nyumba ni mtu mkweli, na watu wakweli siku hizi hawapatikani. Mama hakucheka. Aliendelea kukanyaga cherehani, na uzi ukakatika mara tatu.

OMBI

Kwa sababu hizo sita, naomba kwa heshima zote Balozi ahamie chumba namba tatu, nasi tuhamie chumba namba moja. Kila mmoja atapata hewa aliyokusudiwa. Nimefikiria mambo ambayo yangeweza kukutia wasiwasi, na naona yanajibika.

Balozi hatakosa chochote. Atakuta ndoo mahali pake, ukuta uliolowa tayari, na maji mapya kila unapooga. Mashine ya mvuke utaweza kuipumzisha. Kabati tutaliondoa ili asione giza. Kama atahitaji mtu wa kuzungumza naye mchana, fundi viatu amesema hana neno.

Sisi nasi tutafuata masharti yote ya chumba namba moja. Hatutabamiza mlango, maana umetukataza kwa ajili ya mapafu ya Balozi na tumezoea. Cherehani haitasikika kuanzia saa saba hadi saa tisa, wakati wake wa kulala, ingawa atakayekuwa amelala humo ni Bibi. Taa yake ya joto si lazima ibaki. Hata hivyo Bibi amesema ikibaki hatagomba. Na kama daktari wa mifugo, kwa mazoea, ataendelea kuja chumba hicho mara moja kwa mwezi, hatutamfukuza.

Wengine watasema ni aibu binadamu kuhamia chumba cha kobe. Nilimuuliza Bibi kuhusu aibu hiyo. Alisema atajitahidi kuizoea.

Tena ukiangalia vizuri, Balozi ni mpangaji bora kuliko sisi. Halalamiki kuhusu bomba, hapigi hodi kwako jioni, hana mtoto wa shule anayekuandikia barua. Ataweza kuishi katika chumba kile miaka mingine sitini. Sisi kwa hali ilivyo hatuwezi kukuahidi miaka yote hiyo, hasa Bibi.

Endapo haiwezekani kubadilishana, naleta ombi la pili, dogo zaidi. Naomba Bibi aandikishwe kuwa kobe. Sisemi haya kwa utovu wa adabu, yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kukusanya sifa. Anatembea polepole. Anapenda mchicha. Hapendi upepo wa mlangoni. Akiudhika anaingiza kichwa ndani ya shuka na hakitoi mpaka umwombe radhi. Kuhusu ngozi ya shingo amesema niandike bila kuona haya, kwa hiyo nimeandika. Alichopungukiwa ni gamba tu, na hilo si kosa lake. Akikubaliwa, atakuwa na haki ya jua la asubuhi, maji ya uvuguvugu, na mtu wa kushuka ngazi mbio daftari likisomeka vibaya.

Nitafurahi kupata jibu lako kwa maandishi, au hata kwa mdomo ukiwa unapita uani. Nitakuwa kwa Balozi kama kawaida.

Nisalimie Mama wa ghorofani na wanao wote, na mwambie yule mkubwa kalamu yake ninayo, nitairudisha. Msalimie fundi wa rangi. Wasalimie maharusi ambao sijawahi kuwaona, nawatakia nyumba kavu. Bibi anakusalimu sana, na anauliza kama safari ilikuwa nzuri. Mama yuko kazini, naye angekusalimu.

Ni mimi, mdogo kuliko wapangaji wako wote na mwandishi wa daftari la Balozi,

Binti wa Fundi Cherehani.

Nyongeza, Jumatatu alasiri.

Baba, naomba yote yaliyo juu uyasome kama unavyosoma hesabu iliyokosewa njiani.

Nilipotia sahihi Jumamosi niliona barua imepungukiwa na kitu. Mwalimu wa sayansi hutuambia kwamba dai lisilofanyiwa jaribio ni hadithi tu. Basi nikambeba Balozi na trei yake nikamleta chumbani kwetu, nikapanga akae siku mbili, ili ukirudi nikuonyeshe anavyopumua kwa raha. Mama alikuwa amepeleka nguo kwa wateja. Aliporudi Bibi alimtuliza. Bibi alimpokea Balozi vizuri, akasema hatimaye ameletewa mgeni wa rika lake.

Jana Balozi alikataa mchicha. Leo asubuhi nilimkuta amenyoosha shingo, mdomo wazi, na mapovu puani. Sikwenda shule. Nilikimbia na sare yangu mpaka kwa daktari wa mifugo, nikamweleza yote, hata sehemu zinazonitia aibu. Usimlaumu Bibi wala Mama. Mimi ndiye niliyembeba.

Daktari alikuja na kumchoma sindano. Anasema atapona. Hakunigombeza, ila alisema hoja yangu ni mbovu tangu mstari wa kwanza. Kobe anataka unyevu wenye joto, wa udongo safi uliolowa. Wetu ni wa baridi na kuvu, na huo ndio unaoingia mapafuni na kuyaharibu. Alisema chumba namba tatu hakimfai kiumbe yeyote mwenye pua. Tena akasema Balozi hakuhitaji chumba kizima. Anahitaji sanduku lenye udongo mbichi, lililofunikwa nusu, na taa yake juu. Humo ndani atapata unyevu wake wote, hata chumba chenyewe kikiwa kikavu kama karatasi.

Kwa hiyo namba moja naifuta. Namba mbili pia naifuta, maana hatukukalia mali ya Balozi. Unyevu ule hauna mwenyewe anayeutaka. Ombi la kubadilishana chumba nimeliondoa kabisa, na la pili pia, kwa kuwa Bibi, baada ya kuona sindano, hataki tena kuwa kobe.

Daktari alipokuwa anatoka na Balozi mikononi alisimama mbele ya ukuta. Akatazama ndoo. Akatazama kitanda kilicho katikati, akauliza nani analala pale. Bibi akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Daktari akamsikiliza akivuta pumzi kadhaa. Halafu akasema yeye hana mamlaka juu ya watu, ana mamlaka juu ya Balozi tu. Akaamuru Balozi arudishwe leo hii chumba namba moja, na mtu mzima asiyetoka nyumbani alale humo naye, usiku na mchana, kumwangalia pumzi.

Katika nyumba hii mtu mzima asiyetoka ni mmoja. Bibi alilalamika kidogo, kwa ajili ya heshima, kisha akaomba kanga yake. Kitanda tulikihamisha mimi, Mama, fundi viatu na daktari mwenyewe, tukakiweka chini ya dirisha, na sanduku tulilomtengenezea Balozi likakaa karibu na kichwa cha Bibi.

Zamu hiyo ni ya siku kumi na nne. Nilimfuata daktari mpaka mlangoni nikamuuliza zikiisha itakuwaje. Aligeuka akamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameshalala, ameegemea mto mmoja tu.

“Kobe,” akasema, “hupona polepole sana.”